Tawi la Miiba Barabarani

Wakirudi nyumbani, walisimama kimji cha Rosetta kununua mkate tu, jua likizama. Laiti Huguette angengoja mkate wa Umbilo, wangeshika barabara kuu kungali na mwanga, na haya yote yasingewapata.

Lakini ilikuwa safari aliyoingoja miaka. Mumewe Anaclet alikuwa akipakua makontena Clairwood, yeye akisuka watu nywele Umbilo Road, na Afrika Kusini waliyoijua ilianzia kwenye taa za barabarani, robot moja, ikaishia robot nyingine. Sasa walikuwa na gari lao, la mkono wa pili, na wikendi nzima ya kwenda polepole kwa njia ya zamani: mji mdogo, kisha mji mdogo mwingine, picha mbele ya kanisa la mawe, chai, kicheko. Huguette hakujua kuendesha. Kazi yake ilikuwa kusoma vibao.

"Ukungu unashuka," alisema.

"Acha ushuke, chérie. Mtu wa Uvira anaogopa ukungu? Mimi nilipanda mlima wa Ngomo na lori ya Fuso haina breki."

"Na ulilia njia nzima. Kaka yako aliniambia."

Walivuka daraja dogo. Kando yake palikuwa na msalaba mweupe. Kisha taa za gari zikaangukia kitu katikati ya lami.

Tawi.

Bichi, la majani yanayong'aa. Na miiba.

Anaclet akakanyaga breki. Kwao Uvira, tawi barabarani lina maana moja: mbele kuna gari limeharibika, punguza mwendo, pengine mwenzako anahitaji mkono.

"Iko gari imekufa hapa," alisema, akashuka.

Hapakuwa na gari. Huguette alishusha kioo. Chini, karibu na maji, tochi ilikuwa ikitikisika, na sauti kama ya mtu anayesali.

"Nani iko pale?" Anaclet aliita kwenye ukungu. "Kuja! Usiogope. Tutakufikisha nyumbani!"

Lori likapiga honi nyuma ya kona. Anaclet aliliokota tawi lisije likamponza mtu; miiba ikamng'ang'ania sweta, akakimbia nalo garini, akalibandua na kulitupa kiti cha nyuma. Wakaondoka.

Ti... ti... ti...

Kengele ya mkanda. Taa nyekundu ya kiti cha nyuma ilikuwa imewaka.

"Ni tawi lako hilo," alisema Huguette.

"Basi lifunge mkanda. Polisi wa huku hawana huruma."

Huguette alicheka. Akageuka alisogeze. Lilikuwa tawi la ukubwa wa ufagio... na halikusogea. Lilikuwa zito kama mtu aliyelala. Na harufu ikapanda: udongo mbichi, na breki zilizoungua.

Akaurudisha mkono haraka.

Kle.

Mkanda wa nyuma ulikuwa umefungwa. Kengele ikanyamaza.

"Anaclet... umesikia?"

Anaclet alitazama mbele bila kupepesa. Akaiacha lami, akakata njia ya vumbi isiyo na kibao, kama anayekwenda kwake. Walipovuka kijito, akanong'ona:

"Siyawela manje."

Tunavuka sasa. Huguette alikijua Kizulu cha wateja wake. Anaclet hakukijua, alichojua ni salamu na matusi ya Clairwood.

Alimshika mkono. Ulikuwa wa baridi kama samaki wa friji.

Alimpigia simu Mama Clementina, jirani wa ghorofa ya chini, Mkongo aliyeolewa na Mzulu.

"Mama, tuliokota tawi. La miiba. Anaclet hanisikii tena..."

"Mliokota wapi?"

"Barabarani. Karibu na msalaba."

Sauti ya Mama Clementina ikashuka, chini kabisa.

"Yesu wangu. Huguette, lile si la kuonya magari. Mtu akifia njiani, ndugu zake wanaenda kumchukua na tawi lile. Wanaliweka pale alipoangukia, wanamwita, anapanda, wanamrudisha kwake. Mwenye kulibeba haongei na mtu mwingine. Anaongea na marehemu tu: hapa tunakata kona, hapa tunavuka mto. Asipoambiwa njia, anapotea. Ninyi... mlimwita?"

"Anaclet alisema kuja, tutakufikisha nyumbani."

"Eish." Pumzi ndefu. "Mrudisheni. Mwambie njia, mama, sasa hivi, kabla hajazoea—"

Simu ikakatika. Hakukuwa na mtandao.

Kabla hajazoea nini?

Huguette hakuwa na usukani. Alikuwa na mdomo tu. Akakigeukia kiti cha nyuma.

"Baba... tumekosea. Tulidhani gari yako imekufa. Tunarudi kwa watu wako. Geuka hapa. Hapa iko kona. Hapa tunavuka kijito..."

Na mikono ya Anaclet ikageuza usukani. Huguette alilia kwa furaha. Hakujiuliza kwa nini anayeambiwa yuko nyuma, na anayetii yuko mbele.

Darajani, mzee wa kofia alisimama katikati ya barabara na tochi, magoti yamejaa matope. Alikuwa akilitafuta tawi majanini. Alifungua mlango wa nyuma, akafungua mkanda, akalitoa.

Akalipima mkononi. Likapepea, jepesi kama unyoya.

Akalitikisa. Akainama. Akammulika Anaclet usoni.

Taratibu, akavua kofia.

"Ndodana yami," alisema, machozi yakimtoka.

Mwanangu.

Mwenye kulibeba anaongea na marehemu tu...

Lakini hofu haina masikio. Mzee alipokuwa akinyoosha mkono kumgusa mumewe, Huguette alipiga kelele: "Twende nyumbani! Twende!"

Mikono ya usukani ikatii, gari likaruka mbele.

Walifika Umbilo salama. Mlangoni pa fleti yule mwanamume alivua viatu, akavipanga vizuri, akauliza kwa Kizulu, kwa adabu sana, hapa ni kwa nani.

Hajarudi Clairwood. Anakula vizuri. Anakaa kwenye dirisha la jikoni. Mchungaji alikuja, akaomba, akatoka bila kumaliza chai. Mara mbili Huguette alimlipa dereva awapeleke darajani. Mara mbili yule mwanamume alishika fremu ya mlango, na hakuna aliyeweza kumbandua.

Kwa hiyo kila jioni Huguette anashuka peke yake, anaingia garini, anageuza ufunguo.

Ti... ti... ti...

Kiti cha nyuma. Hakuna tawi, mzee alibaki nalo. Kuna harufu ya sweta ya Anaclet tu, na mtu anayepumua kama aliyetembea mbali.

"Papa," anamnong'oneza mumewe. "Hii ni Umbilo Road. Hii ni robot. Hapa tunakata kushoto. Tumefika. Shuka, papa. Nakuomba, shuka."

Kengele inalia.

Juu, pazia la jikoni linasogea. Yule mwanamume anamtazama.

Kisha, polepole, anatikisa kichwa kukataa.