Kufuli la Mzee Wilbert

ALHAMISI, SAA 11:00 JIONI. TANDIKA.

Chumba kilikuwa nyuma ya duka la vyuma chakavu. Viti viwili, watu watatu. Kasimiri alisimama. Alishazoea.

Twalib, mkubwa wao, alichora kwa chaki juu ya meza. Jengo la ghorofa tano, Mtongani, njia ya Kunduchi. Ghorofa ya tatu, ofisi ya mnunuzi wa vito. Mlango wake unashikwa na sumaku ya umeme. Umeme ukizimwa, sumaku inaachia.

"Na betri ya akiba?" aliuliza Salumu, dereva.

"Imekufa tangu Machi," Kasimiri alijibu. "Mie mwenyewe niliiandika kwenye daftari la hitilafu. Hawajanunua nyingine."

"Cheki fundi wetu!" Salumu alicheka.

Ndiyo kazi aliyotumwa. Twalib alimpeleka chuo cha ufundi, kozi ya matengenezo ya majengo: mabomba, nyaya, jenereta, hadi namna ya kumjibu mpangaji mwenye hasira. Twalib hakuhitaji cheti. Alihitaji ile miezi mitatu ya mafunzo kwa vitendo, mtu wake akiwa ndani ya jengo na funguo za kila chumba. Jambazi gani husomeshwa? Huyu. Tatizo ni kwamba aliipenda shule.

"Kesho Ijumaa," Twalib alisema. "Saa saba na robo wenye ofisi wako msikitini. Unazima swichi kuu, unachomoa waya wa betri ya jenereta. Walinzi watajua ni umeme umekatika tu. Sie tunapanda, tunachukua mzigo, tunashuka kwenye gari, maegesho ya ndani. Dakika nane. Unawasha, geti la chini linafunguka. Bila umeme lile geti halisogei. Fundi mkuu je?"

"Mzee Wilbert Ijumaa huwa anaondokaga saa sita. Anakaa Goba." Kasimiri aliinamia mchoro. "Braza, baada ya hapo mie nibaki pale. Wanataka kuniajiri."

Twalib aliweka chaki chini.

"Nani alikuokota, Kasimiri?"

"Wewe."

"Basi."

Na ilikuwa kweli. Mama yake alipofariki alikuwa na miaka kumi, na Twalib ndiye aliyempa mkeka na sahani. Hakuwa na mtu mwingine duniani. Kule Mtongani alikula chakula cha mchana peke yake, kwa sababu kila aliyeketi naye alimuuliza kwao ni wapi, naye alichoka kudanganya. Upweke ule ulimuuma kuliko njaa.

IJUMAA, SAA 7:15 MCHANA. MTONGANI.

Alishusha swichi kuu. Jengo zima likanyamaza.

Mzee Wilbert alikuwa na sheria moja, na alimkaririsha mpaka akawa anaisema akipiga mswaki. Ukizima, tundika kufuli lako kwenye swichi, lenye jina lako. Ufunguo weka mfukoni mwako. Kufuli la mwenzako haligusi mtu, hata awe bosi. Anayelitoa ni aliyelifunga.

Leo Kasimiri hakutundika kitu. Nani huacha jina lake mahali pa wizi?

Alikwenda uani kwenye jenereta, akachomoa waya. Mlinzi alimfuata.

"Fundi, umeme umekata tena?"

"Umekata. Na jenereta inazingua."

Alimpigisha soga kama walivyopanga.

SAA 7:22.

Aliporudi chumba cha umeme, kufuli jekundu lilikuwa limefungwa kwenye swichi kuu. Kibao kilining'inia chini yake: WILBERT. USIWASHE, MTU YUKO KAZINI. Na kwa penseli: waya mkuu, ghorofa ya nne.

Mzee hakwenda Goba. Wiki nzima wapangaji wa ghorofa ya nne walilalamika harufu ya waya kuungua, naye alikuwa akisubiri nafasi ya kuukata na kuuunga upya. Aliiona swichi iko chini, haina kufuli la mtu, akaamini hakuna anayeitumia. Kama Kasimiri angetundika la kwake, mzee angemtafuta kwanza, amuulize. Sasa mikono yake ilikuwa imeshika shaba tupu.

Alimpigia simu. Ikaita mezani nyuma yake, kando ya chupa ya chai.

Yake nayo ikaita. Twalib.

"Tuko kwenye gari. Washa."

"Kuna mtu kazini."

"Nini?"

"Mzee yuko kwenye waya, juu. Nipe dakika tatu nikamtoe."

"Sina hata moja! Mwenye ofisi karudi, walinzi wanashuka. Washa!"

"Kafunga kufuli."

"Kata!"

"Atakufa, Twalib."

"Yule si baba yako. Mie ndiye niliyekulisha!"

Mkasi wa kukatia vyuma ulikuwa ukutani. Kasimiri aliuchukua. Aliupachika kwenye kufuli. Alitaka kubana, hili lisemwe wazi, asije mtu akamfanya mtakatifu. Alijua akikosa kubana, mtu pekee aliyewahi kumwita mdogo wangu atakwenda gereza la Segerea, na yeye nyuma yake.

Aliuweka mkasi chini.

"Siwashi. Nisamehe, braza."

Alisikia Salumu akilia simuni. Kisha ngumi zikipiga geti, nyingi, bila mpango.

SAA 7:50.

Polisi waliwapigisha magoti pale maegesho. Twalib alimwona Kasimiri mlangoni mwa chumba cha umeme.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema. Kisha akamgeukia askari. "Afande, msimsahau na fundi. Yule ndiye aliyezima."

Kasimiri hakukana. Walimfunga pingu.

Mzee Wilbert alishuka ngazi na tochi yake, viganja vyeusi kwa masizi.

"Shikamoo, mzee."

Mzee hakuitikia. Alitazama pingu, akatazama mkasi sakafuni na alama ya meno ya mkasi kwenye kufuli.

"Ulitaka kulikata?"

"Ndiyo, mzee."

Mzee alitoa ufunguo, akafungua kufuli lake, akalitia mfukoni. Alipita bila kumwangalia tena.

SAA 11:30 JIONI. KITUONI.

"Jina?"

"Kasimiri Athumani."

"Kazi?"

"Mwanafunzi. Matengenezo ya majengo."

Askari aliandika. "Ndugu wa karibu wa kumjulisha?"

Kila fomu aliyowahi kujaza, hata ya chuo, mahali hapo aliandika Twalib. Twalib alikuwa upande wa pili wa ukuta, akiwaambia mahabusu wenzake kwa sauti kubwa jina la msaliti. Namba nyingine aliyoijua kwa kichwa ilikuwa moja tu, ya mtu aliyekuwa sasa njiani kurudi Goba, mzima, na mikono yake yote miwili.

"Oya, nakuuliza."

"Andika hakuna, afande."

Askari akaandika hivyo, akamwonyesha mahali pa kuweka sahihi.