Daftari la Namba Nzuri

Kila asubuhi, kabla sijanawa uso, kaka yangu huchungulia chumbani na kuuliza, "Meneja, kiwanda kimefunguliwa?"

Kiwanda chenyewe kiko ndani ya mkono wangu wa kushoto. Nina kisukari tangu nikiwa na miaka sita. Kinga ya mwili wangu iliziharibu seli zinazotengeneza insulini. Miezi miwili iliyopita daktari alinipandikizia msulini vishada vidogo vya seli mpya, zilizobadilishwa vinasaba ili kinga isizishambulie. Mimi nilipewa kazi moja tu: kujitoboa kidole mara sita kwa siku, kupima sukari na kuandika namba kwenye daftari, huku nikiendelea na sindano za insulini.

Wiki ya kwanza nilipima. Ya pili nilipima nimenuna. Ya tatu vidole viliuma, na nje kuruka kamba kulikuwa kumenoga, basi nikaanza kubuni. Sita nukta moja. Tano nukta nane. Namba safi kama za mtu asiye na kisukari, hata mwandiko wangu ulipendeza.

Siku ya kliniki, mama na kaka wakiwa kando yangu, daktari alipekua daftari, akavua miwani, akaivaa tena.

"Mama, hii sijawahi kuiona! Seli zinafanya kazi yote. Kuanzia leo tunaacha sindano."

Mama akajishika mdomo, machozi yakamtoka. Kaka akapiga mluzi. Mimi nilipigwa na butwaa. Bila sindano, sukari ingepanda hadi nizimie. Nalijua hilo, nimewahi kulazwa.

"Daktari..." Nikaushika mkono wa koti lake. "Usiache. Nimezitunga."

"Umetunga nini?"

"Namba. Zote, tangu wiki ya tatu."

Daktari akanitoboa kidole mwenyewe. Kumi na nne nukta mbili! Zaidi ya mara mbili ya namba nilizoandika.

"Binti yangu, ningekuua huku nakupongeza," alisema polepole. "Na kuna watoto kumi na mmoja wanaosubiri kupandikizwa. Ningewapangia dozi ya seli kwa kufuata daftari hili."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mama hakunifokea, alifuta tu yale machozi ya furaha, na heri angefoka.

Mwezi mzima nilipima mara sita kila siku. Daftari likawa baya: kumi na tatu, tisa, kumi na moja, nane, hadi wiki ya mwisho sita na tano, na madoa ya damu pembeni. Kliniki iliyofuata daktari alilisoma ukurasa kwa ukurasa, akanipima tena, kisha akapunguza insulini kidogo.

"Seli zimeanza kazi," alisema. "Taratibu, lakini zimeanza."

"Kumbe wafanyakazi walikuwa wanangoja meneja aache uongo," kaka akanong'ona.

Daktari akacheka, akanirudishia daftari.

"Seli tunaweza kuzibadilisha, mwanangu. Lakini ukitudanganya, tunatibu mtu ambaye hayupo. Niletee namba mbaya ya kweli, nitajua pa kuanzia."