Vazi la Kuzuia Buibui

Mama Cherehani hakuwa mwoga. Wateja wakorofi aliwamudu. Sindano ikimchoma kidole, alikipuliza kidogo akaendelea na kazi. Lakini buibui wa nchi za watu walimkosesha usingizi.

Mambo yalianza hivi. Binti yake wa mwisho, ambaye nyumbani humwita Kitinda, aliolewa mbali, nchi ya kwenda kwa ndege. Sasa alikuwa na mimba yake ya kwanza. Akapiga simu.

"Mama, njoo ukae nami nijifungue. Mume wangu anashinda kazini. Huku sina dada wala shangazi."

"Nitakuja, mwanangu. Nani mwingine aje kama si mimi?"

Mama Cherehani akawa anashona huku anaimba. Siku moja mteja aliyefuata sketi yake akamwonyesha video kwenye simu. Buibui mkubwa kama sahani alikuwa anatoka ndani ya kiatu.

"Huko ndiko unakokwenda," mteja alisema. "Hao wanaua kabla hujasema aa."

Wimbo ukakatika. Jioni Mama Cherehani akatafuta video nyingine. Akaona nge kitandani na nyoka chooni. Unajua simu zilivyo. Ikishajua unachokiogopa, itakulisha hicho hicho asubuhi na jioni.

"Basi usiende," alisema mumewe, fundi saa. "Kwa mwoga huenda kicheko."

"Na Kitinda je?"

Mzee akainamia saa yake. 

Mama Cherehani naye hakutaka kumwacha binti yake. Lakini fundi ni fundi. Alichukua kitambaa kizito akashona vazi moja la ajabu. Suruali, shati, soksi na kofia, vyote viliunganishwa. Zipu ilitoka kitovuni hadi kidevuni. Kisha akatia kwenye pindo za mikono dawa ya unga, ile ya kuua wadudu wa ghalani. Buibui akisogea tu, kwisha habari yake.

Jirani yake, Nesi, alikuja kupunguziwa sare. Nesi huyu anafanya kazi kwenye kliniki ya chanjo za wasafiri. Alipoona lile vazi limetundikwa ukutani, akacheka.

"Jirani, hili la nani? Kuna mtu anakwenda mwezini?"

"Langu. La kuzuia buibui."

Nesi akalisogelea. Akanusa, akarudi nyuma.

"Umetia nini humu?"

"Dawa ya ghalani. Kidogo tu."

Nesi hakucheka tena. "Nenda ukanawe mikono kwa sabuni. Sasa hivi."

Mama Cherehani aliporudi, Nesi alimkalisha. "Dawa hiyo ni sumu, jirani. Inapita kwenye ngozi na puani. Huyo mtoto akizaliwa, utambeba umevaa nini?"

Mama Cherehani akatazama mikono ya lile vazi. Akaelewa. Aliona aibu, akaona na hofu kubwa kuliko ile ya buibui. Machozi yakamtoka.

"Ningemuua mjukuu wangu."

"Ungeweza kumdhuru. Bahati nzuri bado uko hapa. Usilichome, maana moshi wake ni sumu pia. Vaa glavu, ulitie kwenye mfuko, uufunge vizuri. Bwana shamba atakuambia linavyotupwa. Haya, kuuliza si ujinga. Niulize."

Mama Cherehani akafuta macho. Maswali alikuwa nayo tele.

"Buibui anataka nini kwa mtu?"

"Hataki kitu. Anataka nzi na mbu wake. Buibui wengi hawawezi kumdhuru mtu. Wachache wana sumu kali, lakini hata hao hupenda kujificha. Wanauma wakibanwa."

"Wanabanwa wapi?"

"Kwenye kiatu kilicholala nje. Kwenye nguo iliyoachwa sakafuni. Kwenye rundo la kuni. Kwa hiyo kung'uta kiatu kabla ya kuvaa. Kung'uta nguo. Usitie mkono mahali usipopaona."

"Hayo tu?"

"Hayo yanasaidia sana. Wasafiri wanaogopa buibui, halafu wanasahau chandarua na mkanda wa gari."

"Na akiniuma?"

"Osha kwa maji na sabuni. Weka kitambaa baridi. Nenda hospitali upesi. Na nyoka akikuuma, tulia, usitikise mguu au mkono ulioumwa, na uite gari la wagonjwa. Usikate, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza. Na usimkimbize nyoka."

"Nimkimbize mimi?" Mama Cherehani akacheka kwa mara ya kwanza.

"Sasa mpigie Kitinda. Muulize kuna wadudu gani huko, wanakaa wapi, na namba ya dharura ni ipi. Mwenyeji ndiye anayejua."

Akapiga. Kitinda alicheka mpaka akakohoa.

"Yule buibui mkubwa wa bafuni tunamwita Mjomba, Mama. Anatumalizia mbu bure. Wa kuogopa ni wadogo weusi wanaokaa nje. Viatu vyetu tunavikung'uta kila siku."

Basi, Mama Cherehani akasafiri na magauni yake ya kawaida. Siku ya kwanza alimtazama Mjomba kutoka mlangoni. Baada ya siku chache alikuwa anapiga mswaki chini yake, akishangaa anavyotengeneza nyuzi bila kuzikata.

Asubuhi moja, mkwewe akiwa ameshakwenda kazini, uchungu ukamshika Kitinda. Teksi ikaitwa. Viatu vyake vilikuwa nje, barazani. Mama Cherehani akakishika kimoja, akakigeuza, akakigonga sakafuni. Akaanguka buibui mdogo, mweusi tii.

Mama Cherehani hakupiga kelele. Akarudi hatua moja, akainama kumtazama.

"Kumbe ndiye wewe. Mbona na wewe unakimbia?"

"Mama," Kitinda alisema huku ameshika ukuta, "mimi nazaa, wewe unasalimiana na buibui?"

Buibui akatokomea chini ya ngazi. Mama akakung'uta viatu vyote viwili tena, akatazama ndani, akamvisha binti yake kwenye miguu iliyovimba. Kwenye teksi akamfunga mkanda chini ya tumbo.

Mtoto wa kike alizaliwa mchana. Nesi wa huko akamfunga kitambaa akampa bibi yake.

"Mama," Kitinda alisema kwa sauti ya uchovu, "kuna wakati kila nikitaja safari ulikuwa unabadili mazungumzo. Nikajua huji. Nikaanza kujizoeza kuzaa peke yangu."

Mama Cherehani alitaka kufuta machozi, lakini hakuweza. Mikono yake yote miwili ilikuwa na kazi.