Kushoto kwa Nani?

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Demetria alifagia ua, akajaza mtungi, kisha akampelekea baba yake uji. Mzee Adelard alikuwa fundi seremala hapo Keko, lakini tangu apatwe na kifua kikuu hakushika randa. Zahanati ilikuwa imekubali auguzwe nyumbani, muuguzi amfuate kila siku kumchoma sindano.

Siku ya kwanza muuguzi hakufika. Ya pili vilevile. Baba alikohoa hata akashika ukuta, na mama akanung'unika kwamba wamesahauliwa. Siku ya tatu, Demetria alipotoka shule alikwenda moja kwa moja zahanati.

Muuguzi, Bi Mwanaasha, alipoitikia shikamoo yake naye alikuwa na lake la kusema. Siku mbili alizunguka juani akibisha hodi kwa watu asiowajua. Akamwonyesha kadi ya mgonjwa. Chini ya jina la baba palikuwa na mwandiko wa Demetria mwenyewe: "Vuka barabara, kata kushoto, nyumba ya tatu, chumba cha mwisho."

"Mwanangu, kushoto kwa nani?"

Demetria aliusoma tena mwandiko wake. Siku alipojaza kadi aliwazia njia yake ya kila siku, kutoka getini shuleni. Bi Mwanaasha alianzia zahanati, ng'ambo ya pili ya barabara. Angeweza kumsingizia karani wa zahanati, kwamba ndiye aliyemwambia aandike hivyo.

"Kosa ni langu," alisema. "Nilianzia shuleni, wala sikuandika kwamba ni shuleni."

Akaomba kalamu. Akaifuata njia ile kichwani hatua kwa hatua, kila hatua akiipa jina lake: "Temeke, Keko, nyumba kumi za balozi Sadallah, nyumba namba 27, chumba cha mwisho kulia ukiingia mlango wa mbele." Alasiri hiyo baba akachomwa sindano.

Mwezi uliofuata Bi Mwanaasha akaenda likizo. Aliyeshika nafasi yake, Gaudens, alikuwa ametoka Bukoba juzi tu, na Keko hakuwahi kuikanyaga. Alifika saa nne asubuhi, kadi mkononi, bila kumuuliza mtu.

Jioni Mzee Adelard akamwita binti yake.

"Ukimwelekeza mtu, usianzie uliposimama wewe," alimwambia. "Anzia panapojulikana na wote. Na ukikosea, sema mapema kama ulivyosema. Ungeficha, wangekuwa wananitafuta mpaka leo."