Folda ya Wagonjwa

Mwili wa mzee Nicodème ulikuwa bado kitandani katika zahanati ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale wakati Inspekta Musoni alipofika. Nje, gari la wagonjwa lilikuwa tayari tangu asubuhi. Kilichokosekana ni barua ya rufaa ya kumpeleka hospitali ya Mbarara.

Barua ilikuwa kwenye seva ya shirika linaloendesha zahanati, ofisini Kamukuzi, mjini Mbarara. Adélaïde, karani wa zahanati, alieleza kwamba makarani wa kambini huingia humo kwa VPN, njia ya kuifikia seva kutoka mbali, na siku hiyo folda ya wagonjwa ilikataa kufunguka. Alimpigia fundi, Mariette, mara mbili. Mara zote aliambiwa angoje, netiweki mbaya. Akangoja kwa muda wa saa tano.

"Hapa netiweki ni mbaya kila siku, afande. Ningebisha nini?"

Musoni akamwomba ajaribu tena. VPN ikaunganika mara moja. Folda ya chakula ikafunguka. Ya wagonjwa ikaandika: huna ruhusa.

"Netiweki mbaya haichagui folda," Musoni alisema.

Kamukuzi, Mariette naye alianza na netiweki. Musoni akaomba kumbukumbu za seva. Saa mbili na dakika kumi na mbili asubuhi, ruhusa ya kila aliye nje ya ofisi ilikuwa imefutwa. Akaunti iliyofuta ilikuwa ya Mariette.

"Nenosiri lako analijua nani mwingine?"

"Hakuna."

"Basi nieleze."

Akaeleza akiitazama meza. Claude, karani mwenza wa Adélaïde, alikuwa akimsaka mkewe Viviane, aliyekimbia kipigo na kujificha katika kambi ya Oruchinga. Asubuhi hiyo alitafuta jina lake kwenye folda ya wagonjwa, inayoonyesha kila mgonjwa anakoishi. Mariette akamfungia. Dakika tatu baadaye jina lilelile likatafutwa kwa akaunti ya Adélaïde.

"Nenosiri zao zote ziko kwa karatasi moja, ukutani. Nikafunga watu bote, mpaka Viviane ahamishwe."

"Kwa nini hukumwambia Adélaïde ukweli?"

"Claude alikaa pembeni yake. Angesikia."

"Na mzee?"

"Simu ya pili, nilimusikia akihema. Nikasema netiweki."

Musoni aliagiza Claude akamatwe, kisha akamsomea Mariette maelezo yake. Akamuuliza kama aongeze kwamba anaiomba radhi familia. Mahakama huliangalia hilo.

"Andika nilimusikia. Andika ningali namusikia, hata sasa hivi." Akaivuta karatasi, akatia sahihi. "Lakini Viviane iko muzima. Siombi radhi."