Mguu wa Kushoto wa Hollis Pettway

"Umeniuza, Renata! Umeniuza redioni, saa ya watu kula, na hiyo sauti yako tamu!"

"Sijakuuza. Nimechambua mechi. Ndio kazi yangu, na unaijua toka siku ya kwanza."

"Kuchambua! Umeninyonyoa kama kuku!"

"Punguza sauti, Hollis."

"Sipunguzi!"

Chini ya miguu yao kukagongwa, ngo ngo ngo, mpini wa ufagio kwenye dari. Huyo ni Bi Pasquale, mwenye nyumba, anakaa chini. Hapendi kelele, ila timu anaipenda kuliko alivyompenda marehemu mumewe. "Gombaneni tu!" sauti yake ikapanda kupitia mbao. "Ila kesho mshinde!"

Siku nyingine wangecheka mpaka washike ukuta. Leo hakuna aliyecheka.

Hollis Pettway alikuwa amejaa jiko zima. Friji likisimama karibu yake linaonekana kama kabati la dawa. Alivaa suti ya kijivu ya kushonesha, maana duka gani litakuwa na saizi yake, tai ya bluu inaning'inia haijafungwa. Siku moja kabla ya mechi wachezaji wetu wa Buffalo wanaingia hoteli ya timu wamependeza kama wanaenda kuoa. Begi lake lilishawekwa mlangoni. Renata Sikorski yeye mfupi, nywele kazibana juu na kalamu, kavaa ile suruali ya mistari nyekundu na bluu, kama punda milia aliyeanguka kwenye rangi, ambayo mji mzima unaivaa Januari bila aibu. Mkononi ana koleo la jikoni. Mabawa ya kuku yalikuwa yanapoa kwenye sinia, mchuzi wa pilipili unaganda. Nje theluji inashuka kutoka ziwani kama mtu anakung'uta mito.

"Kocha kanipigia asubuhi," Hollis akasema. "Unajua kaniambiaje? 'Pettway, nimemsikiliza mkeo.' Mkeo! Halafu anasema, njoo saa kumi na mbili jioni ukumbi wa hoteli, unionyeshe unavyosimama. Mguu ukirudi nyuma, dogo anaanza, we unakaa benchi."

Renata akaweka koleo chini. "Hilo sikulijua."

"Ndio ulijue sasa. Miaka kumi na moja, Renata. Timu nne. Mtoano sijaucheza hata mmoja, nimeuangalia kwenye makochi ya watu. Kesho ndio wangu. Na unaninyang'anya wewe, sio mwingine, wewe!"

Ilikuwa hivi. Huu ni mpira wa Kimarekani, wa kushika mikononi, na Hollis ni mlinzi wa kushoto. Kazi yake usiitafute kwenye magoli, huioni. Mrusha mpira akigeuka kurusha, mgongo wake unabaki wazi upande wa kushoto, na huko ndiko wanakotokea wale wavamizi wenye roho mbaya. Hollis ndiye ukuta wa huo mgongo. Sasa jana Ijumaa, Renata kwenye kipindi chake cha uchambuzi akasema maneno haya: "Angalieni mguu wa kushoto wa Pettway kabla mpira haujaanza. Ukirudi nyuma kiganja kimoja, tunarusha. Ukikaa sawa na mwenzake, tunakimbia nao. Baltimore wakishaliona hili, mtoano wetu umeisha kabla ya mapumziko."

Mji mzima ukasikia. Mafundi bomba wakasikia, walimu wakasikia, kocha akasikia akiwa anakula.

Na ujue, hata kukutana kwao kulianzia miguuni. Ilikuwa supamaketi, majira ya baridi yaliyopita, redio zimetangaza dhoruba na watu wamevamia mikate na maziwa kama dunia inaisha Jumatano. Hollis kasimama kwenye foleni kajifunika kofia mpaka machoni ili asitambuliwe. Kimwanamke nyuma yake kikasema, "Namba sabini na mbili, Jumapili ulipigwa mara tatu kwa mkono uleule. Huchoki?"

Hollis akageuka. "Umenijuaje? Uso wangu huuoni."

"Uso wa nini? Nimekujua unavyosimama. Hata kwenye foleni umesimama kama mtu anakuja kukuibia kikapu."

"Na we ni nani, dada, mpelelezi?"

"Mchambuzi. Na huo mkate ulioshika ni wa mwisho."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tugawane, au niseme redioni kwamba Pettway ana roho mbaya."

Waligawana mkate. Dhoruba ikawafungia ndani, kila mtu kwake, wakapigiana simu mpaka masikio yakawa ya moto. Barabara zilipofunguliwa Hollis alikuja na koleo la theluji begani, akachimbua gari lote la Renata lililozikwa, bila kuombwa. Kwa mila za Buffalo hapo umeshatoa posa, imebaki padri tu.

Hollis alipohamia kwa Renata aliweka sheria moja tu. Nyumbani hakuna mpira. Hakuna mechi kwenye televisheni, hakuna video, hakuna "Jumapili ulifanyaje." Renata, ambaye riziki yake ni kuangalia mpira, alikubali hapohapo. Aliona ni utamu. Mwanaume ambaye nchi nzima inampima kwa kilo na sekunde, kwake anataka kuwa Hollis tu, anakaanga samaki na kuimba vibaya.

"Mbona hukuniambia mimi?" Hollis sasa hivi hakuwa anapiga kelele tena, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Tunalala kitanda kimoja. Umeliona lini hili?"

"Wiki tatu zilizopita. Kwenye video."

"Wiki tatu! Ukanyamaza!"

"Sheria ni ya nani, Hollis? Yangu? Siku nilipouliza kwa nini unachechemea ngazini ulinijibu nini? 'Beibi, mpira tumeuacha mlangoni.' Ukanibusu kwenye paji la uso kama mtoto. Nikanyamaza."

"Kwa hiyo ukaenda kuniambia redioni."

"Ndiyo!"

Akashtuka. "Nini?"

"Ndiyo, redioni! Kila Ijumaa ukitoka mazoezini unanisikiliza kwenye gari, si umeniambia mwenyewe? Nilikuwa nakuambia wewe. Hakukuwa na mlango mwingine, umeifunga yote. Nilijua utasikia, utarekebisha, kesho uwe salama. Na Baltimore wana watu sita kazi yao kuangalia video tu, unadhani mguu wako hawajauona? Wameuona kabla yangu. Aliyekuwa haujui ni wewe peke yako."

Hollis akavuta kiti, akakaa. Kiti kikalia. Nje theluji inagusa kioo.

"Jamaa walinicheka kwenye kikundi cha simu," akasema pole pole. "Mmoja kaandika, 'Pettway analala na adui.'"

"Ulimjibuje?"

"Nilimwambia adui anapika vizuri."

Renata akacheka kidogo, hakutaka ila kicheko kikatoka. Akamsogelea, akashika ile tai. "Mjinga wewe."

"Nisamehe kelele, mama."

"Na mimi nisamehe redio." Akambusu pembeni ya jicho. "Haya, vua koti. Sogeza meza."

"Ya nini?"

"Leo sheria imekufa. Una muda gani mpaka hotelini? Inatosha. Simama kwenye mstari nikuone."

Wakasogeza meza mpaka kwenye friji. Hollis akavua koti na viatu, akainama na soksi zake kwenye sakafu ya jiko, mkono mmoja chini. Renata akasimama mbele yake na suruali yake ya mistari, akakunja uso awe mvamizi wa Baltimore.

"Kessler ana kilo mia na thelathini," Hollis akasema. "We una ngapi?"

"Kelele. Tunakimbia."

Akasimama sawa.

"Tunarusha."

Mguu wa kushoto ukarudi nyuma. Kiganja kimoja, kama Renata alivyosema redioni.

"Umerudi."

"Najua. Tena."

"Tunarusha."

Ukarudi tena. Na tena. Mara ya nne Hollis aliulazimisha ukae mbele, sawa na wa kulia, akainama. Renata akaona. Hakuangalia mguu, aliangalia shavu lake, nyama imekaza, na jasho lililotoka ghafla chini ya nywele wakati jiko halikuwa na joto la kutoa jasho.

"Simama," akasema.

"Ngoja, naupata."

"Hollis, simama. Kunja suruali."

"Acha hizo."

"Kunja."

Hakukunja. Renata akapiga magoti, akaipandisha mwenyewe. Goti lilikuwa limevimba kama unga wa mkate uliotiwa chachu, upande wa ndani umekuwa wa njano na kijani, na kwenye ngozi kuna vidoti vya sindano.

"Hii sio tabia ya mguu," akasema. "Unaurudisha nyuma kwa sababu haukunjiki. Daktari wa timu anajua?"

"Anajua kidogo."

"Sindano anakuchoma nani?"

"Mtu."

"Toka lini?"

Hollis akashusha suruali. "Toka mwaka jana."

Mwaka jana. Renata akabaki palepale chini, anahesabu kimya kimya, na hesabu ikamfikisha kwenye sheria. Taa ya chumbani anayozima kwanza. Bukta anazovaa ndefu hata Julai.

"Nilidhani ulitaka nikupende bila mpira," akasema.

"Nilitaka."

"Hapana. Niambie ukweli, mara moja tu."

Akageuza uso. "We una macho, Renata. Hakuna mtu mji huu ana macho kama yako. Kama ningekuacha uniangalie dakika mbili tu, ungejua. Ukijua, utanizuia." "Nilitaka usinione."

Kabla hajamjibu simu ikaita juu ya kaunta. Kocha. Hollis akaiweka kwenye spika, labda mazoea, labda alitaka asiwe peke yake.

"Pettway! Umetoka?"

"Natoka sasa hivi, kocha."

"Sikia, dogo yuko tayari. Simwogopi dogo. Nakuuliza kiume, usinifiche. Mguu vipi? Kuna kitu?"

Renata alikuwa bado chini, anamwangalia. Alimwashiria kwa kichwa. Mwambie. Midomo yake ikalitamka bila sauti, mwambie.

"Hakuna kitu, kocha. Tabia mbaya tu. Nimeshairekebisha."

"Saa kumi na mbili."

"Saa kumi na mbili."

Simu ikakatika. Hollis akavaa viatu. Ilimchukua muda, ule wa kushoto aliuvaa akiwa amesimama, kautegemeza kwenye kiti.

"Kessler anaanza nje," Renata akasema kwa sauti ya kazini, ile ya redio, maana nyingine ilikuwa imegoma. "Mara mbili, mara tatu anapita nje, anakuzoesha. Halafu anakata ndani. Akikata ndani lazima usukume na mguu wa kushoto. Huna huo mguu. Goti litaondoka. Hutatembea nalo tena sawasawa, na mrushaji atapigwa mgongoni hajui kimetoka wapi. Kaa, Hollis. Mpigie. Mwambie. Tutaiangalia pamoja hapa, kwenye kochi hili bovu, utalia nitakushika."

"Nimeshakaa kwenye makochi miaka kumi na moja."

"Hili ni langu."

"Najua ni lako, beibi." Akafunga tai bila kioo, ikakaa upande. "Nina miaka thelathini na tatu. Mwakani hakuna atakayeniita. Hakuna kesho nyingine baada ya kesho. Niambie kitu kimoja tu. Leo jioni, mbele ya kocha. Kuna njia?"

Ilikuwepo. Alikuwa nayo toka wiki tatu zilizopita. Angesema hakuna, Hollis angefika pale ukumbini, mguu ungerudi, dogo angeanza, na goti lingebaki goti. Neno moja tu la uongo. Lakini kwenye mpira Renata hajawahi kudanganya, hata kwa baba yake aliyekuwa anampigia televisheni makelele, na Hollis alijua hilo, ndiyo maana akamuuliza yeye.

"Urudishe mara zote," akasema. "Tukirusha, tukikimbia, kila mchezo. Ukiwa nyuma siku zote, hauna siri tena. Utapoteza nguvu kidogo kwenye kukimbia. Mwambie kocha ndivyo ulivyojirekebisha. Atapenda."

Hollis akasimama anaangalia chini. "Kumbe rahisi hivyo."

"Rahisi hivyo."

"Na Kessler akikata ndani?"

"Nimeshakwambia."

Akaja akamkumbatia. Mkono wake mmoja tu ulitosha kumzunguka mwili wote. Renata hakumkumbatia, mikono ilikaa kwenye mistari ya suruali yake kama ya mtu anapimwa nguo. Alinusa mafuta ya kuchulia misuli chini ya manukato. Mwaka mzima alidhani ni sabuni.

"Utaniangalia kesho?" akamuuliza, mdomo ukiwa kwenye nywele zake.

"Nitakuangalia. Ndio kazi yangu."

Hollis akangoja. Alikuwa anataka neno lingine, hata la matusi lingemfaa. Renata alirudi kwenye sinia akaanza kuyarudisha mabawa ya kuku kwenye bakuli, moja moja, hageuki.

"Nikirudi Jumapili usiku..."

"Usirudi hapa, Hollis."

Aliinua begi lake kwa mkono wa kulia, akaufungua mlango, na upepo wa ziwa ukaingia na theluji mpaka jikoni. Alisimama kidogo kizingitini, mgongo mpana namna ile umejaza uwazi wote. Kisha akatoka, akauvuta mlango taratibu kama mtu asiyetaka kumwamsha aliyelala, ukajifunga.