Mbunge Aliyempa Mwanawe Mkono

Ndugu zangu, Ijumaa ile ya Kwaresima ilianza vizuri kabisa. Katika ukumbi wa chini ya kanisa, katika mji mdogo wa Elmdal, jimboni Wisconsin, Marekani, samaki walikuwa wakikaangwa, watoto wakikimbizana kati ya meza, na Marlys Tvedt, aproni kiunoni, akigawa saladi ya viazi kwa kijiko kikubwa. Alikuwa na furaha. Mumewe, Orrin, mbunge wao, alikuwa njiani kutoka Washington, na ilikuwa imepita karibu wiki tatu bila kumwona.

Niseme mapema: Orrin hakuwa mtu mbaya. Kabla ya bunge alikuwa daktari wa mifugo, na wengi walimpigia kura kwa sababu aliwahi kukesha zizini kwao akingoja ndama azaliwe. Huko Washington hakubadilika. Mjane aliyecheleweshewa pensheni ya mumewe askari alimpigia simu Orrin. Mfugaji aliyeshushiwa bei ya maziwa alimpigia Orrin. Naye alipokea, hata chakula kikipoa mezani. Kila baada ya miaka miwili uchaguzi ulirudi, na kila mara watu walimrudisha.

Basi akaingia ukumbini, koti bado mkononi, akaanza kusalimia. Alikuwa na namna yake: mkono wa kulia unashika wako, wa kushoto unashika kiwiko, na macho yanakuambia kwamba humu ndani upo wewe peke yako.

Mwisho wa mstari alisimama Signe, binti yake wa miaka kumi na mitatu, na sinia la mkate. Wiki ile alikuwa amekata nywele zake ndefu, zimebaki za kufika masikioni. Orrin akamfikia. Akashika mkono, akashika kiwiko.

"Ahsante sana kwa kuja, binti. Wazazi wako hawajambo?"

Kijiko cha Marlys kikasimama hewani.

"Mama hajambo," Signe akajibu taratibu. "Yuko pale anagawa viazi. Baba sijui."

Watu wa karibu wakageuka kutazama. Orrin akamtazama tena, uso ukamwiva. Halafu akafanya kosa la pili, kubwa kuliko la kwanza. Akaangua kicheko, akamkumbatia mtoto begani na kuwageukia watu.

"Mnaona anavyonijibu? Nilikuwa namtania!"

Ukumbi mzima ukacheka. Signe hakucheka.

Tangu siku hiyo neno "Baba" likatoweka kinywani mwake.

"Mheshimiwa, naomba chumvi."

"Signe, mimi ni baba yako."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

Marlys akamvuta mumewe kando. "Baba Signe, kaa na mtoto. Mwambie ukweli tu, basi."

"Nitakaa naye, mke wangu. Ngoja kura ya bajeti ipite."

Bajeti ikapita, ikaja barabara. Barabara ikapita, yakaja mashamba. Siku ya kuzaliwa ya Signe ililetwa kadi kutoka ofisi ya mbunge, sawasawa na wanazotumiwa watu wote wa jimbo, sahihi imepigwa na mashine. Signe akaisoma kwa sauti mezani: "'Ni heshima kwangu kukuwakilisha.' Haya, Mama, nimewakilishwa." Marlys alitaka kucheka, machozi yakamtangulia. Aliogopa jambo moja: kwamba mtoto ataizoea nyumba isiyo na baba mpaka asione tena pengo.

Jumamosi moja ya Juni Orrin alikuwa akisikiliza shida za watu katika chumba kimoja cha kituo cha zimamoto. Mstari ulifika nje. Marlys alikuwa akiwamiminia kahawa, akainua macho na kumwona Signe amepanga foleni, nyuma ya mzee Casimir Wojta, mfugaji.

"Na wewe umeleta shida gani?" mzee akamtania. "Maziwa yako nayo yameshuka bei?"

"Shida yangu haina bei, Babu."

Lorraine, msaidizi wa ofisi, akamwinamia. "Signe, mpenzi, si umsubiri baba nyumbani?"

"Nyumbani huwa hasikilizi, Shangazi. Hapa ndipo anaposikiliza."

Mlango ulikuwa wazi. Orrin akasikia. Akavua miwani, kama alivyozoea mtu anapokuja kwake na jambo zito. "Mwacheni apite. Karibu, keti, mwanangu."

Marlys akaweka birika chini.

"Sikukasirika kwa kuwa hukunijua," Signe akasema. "Nilikuwa nimekata nywele, na wewe ulikuwa umechoka. Nilikasirika uliposema unanitania. Watu wote walicheka, nikaonekana mimi ndiye nisiyejua utani."

Lorraine akanyoosha mkono afunge mlango.

"Uache wazi," Orrin akamwambia. Akasimama ili wa foleni nao wasikie. "Sikuwa natania. Nilimpa mwanangu mkono kama mgeni, kisha nikawadanganya nyote kwa sababu niliona aibu. Signe, nisamehe."

Mzee Casimir akavaa kofia yake. "Maziwa yangu yatangoja Jumatatu," akasema. "Twendeni zetu, jamani. Mtu yuko na mtoto wake."

Signe alimsamehe, ila neno "Baba" lilikuwa bado halijarudi. Na mji mdogo hauna siri. Vuli ilipofika, mpinzani wa Orrin alikuwa akiuliza redioni: "Asiyemjua mwanawe, ninyi atawajuaje?" Meneja wa kampeni, jasho linamtoka, akaja mbio mpaka jikoni kwa Marlys na kumkabili Orrin.

"Sema haikutokea! Sema mtoto alikuza mambo. Maneno mawili tu, tunashinda."

Signe alikuwa mezani anakula. Akaacha kutafuna. Marlys alimwona, akamtazama mumewe, akaona kwamba naye amemwona.

"Ilitokea," Orrin akasema.

"Bwana wee, utapoteza kiti!"

"Huenda. Lakini nikiulizwa, nitasema ilitokea."

Aliulizwa, mbele ya umati, akasema ilitokea. Novemba akashindwa kwa kura chache.

Asubuhi yake alimpigia simu mshindi kumpongeza, akamtajia mmoja mmoja watu ambao mambo yao yalikuwa hayajaisha, akamsihi asiwatupe. Kisha akakaa mezani kama abiria aliyeshushwa kituo asichokijua.

"Signe," akasema, "leo una nini baada ya shule?"

"Mazoezi ya bendi. Napiga tarumbeta."

"Naweza kuja kusikiliza?"

"Tunapiga vibaya mno. Kila mtu anaanza anapotaka, na hakuna anayemsikiliza mwenzake."

"Mwanangu, mimi natoka bungeni. Masikio yangu yamezoea."

Signe akacheka mpaka maziwa yakampalia. Alipopata pumzi akajifuta mdomo. "Saa tisa, Baba. Usichelewe."

Marlys akageukia sinki, akaanza kuosha kikombe kilichokwisha kuoshwa.

FUNZO

Kuwatumikia watu ni jambo jema, na Orrin alilifanya kwa moyo. Kosa lake lilikuwa kuwapa watu wa nje sikio lake lote, akaja nyumbani na mwili tu. Mzazi mwenzangu, mtoto anaweza kusamehe uchovu wako na hata usahaulifu wako. Uongo wa kumwokoa mkubwa na aibu ndio unaomfunga mdomo. Ukimkosea mbele ya watu, mwombe radhi mbele ya watu hao hao, na usihesabu utakachopoteza.

Nasi tunaowachagua viongozi, tukumbuke kwamba simu tunayopiga wakati wa chakula inalia katika nyumba ya mtu, na mezani yuko mtoto anayengoja ikatwe.